Mtoto Hagawanywi

Berea, Johannesburg
10 Mei 2015

Mke wangu Fumiyo, Mama Chiku,

Natumaini barua hii inawakuta wazima, wewe, Chiku na mzee wako. Mgongo wake umepata nafuu? Mimi sijambo, ila baridi imewahi mwaka huu na asubuhi vidole vinakufa ganzi kwenye cherehani. Chiku anakula? Mwambie baba yake anamsalimu kuanzia utosini mpaka kidole gumba cha mguu.

Nimeshika kalamu kwa sababu simu yako inaita mpaka inakata, na ujumbe ninaotuma hausomwi. Nimejipa moyo kwamba ni mtandao. Na sisi si wageni wa barua. Wewe ukiwa mwalimu wa kujitolea Singida, mimi fundi cherehani Morogoro, tulichumbiana kwa barua mwaka mzima, na kila aliyebahatika kuziona alidhani Mjapani ni mimi, si wewe.

Mji umetulia. Wanajeshi wamepungua, maduka ya Marshalltown yamefunguliwa, wachuuzi wamerudi vibarazani. Kwenye chumba changu cha kushonea walivunja kioo cha mbele tu. Majoho ya mawakili hayakuguswa hata moja, na Jumatano nilipeleka matatu kortini kama kawaida. Mwalimu wa Chiku amenisimamisha getini mara mbili kuuliza anarudi lini. Wewe uliniambia wiki mbili, mkae kwa mzee mpaka vurugu za kuwapiga wageni ziishe. Leo ni wiki ya tatu.

Niandikie siku ya kuja nije kuwapokea.

Mume wako,
Baba Chiku


Japani
27 Mei 2015

Baba Chiku,

Asante kwa barua yako. Sisi tu wazima. Mgongo wa baba bado, lakini anatembea. Chiku anakula vizuri, ameugua mafua mara moja tu. Pole kwa baridi, na pole kwa kioo.

Sitaweza kuja sasa. Tafadhali soma mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Unasema mji umetulia. Mimi bado nimesimama katika Jumamosi ile. Tulikuwa tunatoka kwenye duka la spaza na mkate wetu, na wanaume watano wakatuzuia kwenye robot, taa za barabarani zikiwa nyekundu. Wakakuuliza kiwiko kinaitwaje kwa Kizulu. Wewe ulijua, kwa sababu marehemu baba yako, hata alipokuwa mkimbizi Morogoro, alihakikisha mwanawe anajua lugha ya kwao Soweto. Ulijibu, wakacheka, wakasema sharp, wakatupisha. Na wewe ukacheka. Ukaniambia, "Umeona? Hakuna neno." Hukuona soksi za Chiku zimelowa. Nilimvua mimi bafuni, na alinisihi nisikwambie.

Kama neno lile lingekupotea? Miaka mitatu nimekuomba tuondoke mji huo, na kila nikikuomba una joho la mtu la kumaliza.

Nipe mpaka mwisho wa mwaka. Sitaki Chiku akae bure, aingie shule ya hapa. Ndani ya bahasha kuna karatasi ya ofisi ya mji. Tia sahihi mahali nilipoweka alama ya penseli, uirudishe mapema. Bila hiyo hawatampokea.

Mama Chiku


Berea
14 Juni 2015

Mama Chiku mpenzi,

Salamu nyingi kwenu nyote. Mafua ya Chiku yameisha? Huku tuko wazima.

Siku mbili nilitembea na barua yako mfukoni nikiwa nimefura. Siku ya tatu nikafika tena kwenye habari ya soksi na hasira ikaniishia. Ni kweli sikuona. Nilikuwa na furaha kwamba tumepita, nikasahau kumtazama mtoto. Naona haya.

Karatasi hii hapa. Maandishi yenyewe kwangu ni kama nyayo za kuku, lakini nimetia sahihi palipo na penseli, na nimeandika vizuri kuliko nilivyoandika siku ya harusi yetu.

Nimeanza kutafuta nyumba Midrand, ndani ya ukuta, yenye mlinzi getini na bembea za watoto. Mkija Desemba hamtalala Berea tena. Ila nakuomba jambo moja: mkiwa mezani sema naye Kiswahili. Nisije nikamkuta ananiangalia kama mgeni.

Wako,
Baba Chiku


Berea
22 Februari 2016

Fumiyo,

Leo sikuulizi hali.

Tangu Julai nimekuandikia barua tano na hukujibu hata moja. Desemba imepita. Nikaamua kuja mwenyewe, nikaenda ubalozi wenu kuomba viza ya mume anayemfuata mkewe. Mama wa dirishani, mtu mpole, akapokea cheti cha ndoa na picha zetu. Nikampa na nakala ya ile karatasi ya shule. Niliitoa fotokopi kabla sijaituma, nikadhani itaonyesha kwamba mtoto anasoma huko. Akaisoma. Akaisoma tena. Akavua miwani.

"Bwana," akaniambia, "hii si karatasi ya shule. Hii ni talaka."

Nikacheka. Nikamwambia aisome vizuri. Akanionyesha kwa kidole, mstari baada ya mstari: hapa jina lako, hapa jina lake, hapa mashahidi wawili, sahihi za watu nisiowajua. Na hapa kuna visanduku viwili vya mtoto. Kisanduku cha mama kina jina la Chiku. Kisanduku cha baba ni kitupu. Halafu sahihi yangu chini, nzuri kuliko ya siku ya harusi.

Nimekuacha, Fumiyo, na nimemtoa mwanangu, na nilikuwa nakunywa chai huku nafanya hivyo. Hakuna jaji aliyeniita. Hakuna mtu aliyeniuliza kama naelewa. Karatasi imepita juu ya kaunta ya ofisi ya mji, mtu amegonga muhuri, imekwisha.

Kazi yangu unaijua. Kila wiki nasimama kwenye korido za mahakama hapa Johannesburg nikisubiri wakili ajaribu joho lake, na nawaona walioachana wakigombania wikendi. Huyu anataka aanze Ijumaa jioni, yule anasema Jumamosi asubuhi. Nilikuwa nawacheka moyoni. Siku hizi nawaonea wivu mpaka nashindwa kuwatazama.

Nataka maelezo. Uandike wewe, si baba yako.

Baba Chiku. Jina hili hukuniwekea penseli, na halifutiki.


Japani
15 Machi 2016

Baba Chiku,

Chiku hajambo. Ameng'oka meno mawili ya mbele. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ndilo unalotaka kwanza.

Nilikudanganya. Sina neno jingine la kuliita.

Wakili aliyeletwa na baba alinikalisha akanieleza. Huku wazazi wakiachana, mmoja tu ndiye anayebaki kuwa mzazi mbele ya sheria, na mwingine anakuwa mtu wa nje. Mtoto hagawanywi. Hakuna wikendi zako za korido. Swali wanalouliza ni moja: siku hiyo mtoto anaishi na nani? Alikuwa anaishi na mimi. Kama ningekwambia ukweli ungekuja, tungeshindana, na mmoja wetu angempoteza moja kwa moja. Nikaamua huyo mmoja asiwe mimi.

Unanitukana kwa adabu, lakini nayasikia matusi. Basi na mimi niseme. Mwaka 2013 waliingia nyumbani tukiwa tumelala wakachukua hata pasi, na wewe asubuhi ukaenda kazini. Mwaka 2014 walimpiga jirani yetu wa Kongo kwenye ngazi, ukaniambia mwanamke akitembea kwa kujiamini hakuna atakayemgusa. Nilikuomba kwa Kiswahili, nilikuomba kwa Kiingereza, siku moja nilikuomba kwa Kijapani kwa sababu maneno yalikuwa yameniishia. Hukunisikia kwa lugha yoyote. Mtu asiyesikilizwa akiondoka huwa haagi.

Sheria hii sikuitunga mimi. Imenilea.

Shuleni anaitwa Chika. Ni rahisi kwa wenzake.

Mama Chiku


Berea
10 Aprili 2016

Fumiyo,

Salamu zangu mpe Chiku peke yake.

Umesema sheria imekulea. Najua. Uliniambia mwenyewe Singida, tumekaa juu ya yale mawe makubwa nje ya mji. Ulikuwa na miaka saba, wazazi wako wakaachana, ukabaki na baba, na mama yako hukumwona tena. Ukaniambia ulikuwa ukisimama kituo cha treni ukichungulia uso wa kila mwanamke anayeshuka. Ulilia mpaka shati langu likalowa. Nilikuoa na kilio kile nikiwa nimekibeba. Halafu umechukua kitu kile kile kilichokuumiza ukampa mwanangu, na umempeleka akalelewe na mzee yule yule.

Ya Berea nakubali. Sikukusikiliza, na siku moja nitakuomba radhi mbele ya mtu yeyote utakayemtaka. Lakini kutosikiliza si sawa na kuiba. Ungeniambia "nakuacha", ningelia, ningegombana, ningekuja. Uliniandikia "shule".

Sasa sikia. Wakili Lerato, niliyemshonea joho lake la kwanza, amenieleza kwamba nchi yako na nchi hii zote zimo kwenye mkataba wa kurudisha watoto waliochukuliwa na mzazi mmoja. Maombi yameondoka juzi, ndani ya mwaka mmoja ambao mkataba unaudai. Ndani yake ameweka barua yako ya penseli.

Na jina la mwanangu ni Chiku. Ni la bibi yake, mama yangu. Waambie walimu wajifunze kulitamka, ni herufi tano tu.

Baba Chiku


Berea
4 Machi 2017

Mama Chiku,

Nimerudi Johannesburg juzi. Nilikuwa mbele ya nyumba yenu kwa muda wa saa mbili na nusu na sikupata kusema nawe hata salamu, kwa hiyo nakusalimu hapa. Hujambo.

Novemba mahakama yenu wenyewe ilisema mtoto arudishwe Afrika Kusini. Jaji alisomewa barua yako, profesa mmoja wa huko aliitafsiri, na akasema sahihi yangu ilipatikana kwa hila. Nilipopigiwa simu nilikuwa nakata kitambaa. Nikadhani imekwisha. Sikujua kwamba kwenu hukumu ni kitu kimoja na mtoto ni kitu kingine.

Maofisa watatu wa mahakama waliotumwa kumchukua walinieleza masharti njiani, kupitia mkalimani. Mtoto lazima akutwe na wewe. Hawaruhusiwi kumgusa kwa nguvu. Wanaweza kubembeleza tu. Mimi nikae ng'ambo ya barabara karibu na gari. Theluji ilinifika kwenye vifundo vya miguu. Nilimwona baba yako akifungua mlango na kusimama katikati yake, mikono ameitanua, mgongo umepona kabisa. Walimwinamia. Akawainamia. Wakaongea. Wakainamiana tena.

Halafu dirisha la juu likafunguka nikamwona. Mmemkata nywele. Nilipunga mkono kama mwehu. Alinitazama, kisha akasema kwa Kiswahili safi kabisa, "Baba, nenda. Mama analia."

Dirisha likafungwa.

Maofisa walirudi wakaniinamia mimi. Imeshindikana. Yule mtu mzima kuliko wenzake alimwambia mkalimani kwamba kazi hii inamnyima usingizi. Nilimjibu kwamba yeye angalau analipwa.

Nieleze, wewe uliyesoma. Ni sheria gani inayosema mtoto arudi, kisha inamwachia aliyemchukua ashike mlango? Watu wazima wote tulisimama pale, jaji ameandika, serikali mbili zimeandika, na aliyeachiwa kazi ya kuamua ni mtoto wa miaka minane dirishani. Alichagua kukuonea huruma wewe. Simlaumu. Nakulaumu wewe uliyelia akusikie.

Lerato anasema hukumu bado ipo. Ipo kweli. Ipo kwenye faili.

Baba Chiku


Japani
30 Machi 2017

Baba Chiku,

Siwezi kuandika kwamba hatujambo.

Baada ya siku ile Chiku hakula siku nne. Viatu vyake alivificha nyuma ya mashine ya kufulia, kwa sababu ofisa mmoja alimwambia kwa upole avae viatu waende. Mpaka leo akisikia kengele ya mlango anapanda juu.

Unanilaumu kwamba nilimtwika mtoto uamuzi. Wewe ndiye uliyewaleta watu wa makoti meusi kwenye nyumba anayolala. Kwake hawana tofauti na wale watano wa kwenye robot. Wao pia walikuwa wakitabasamu.

Usiniandikie tena. Barua zikija sitazifungua.

Mama Chiku


Japani
12 Juni 2019

Baba Chiku,

Naituma barua hii kwenye chumba chako cha Marshalltown, kwa kuwa sijui kama bado unaishi Berea. Sijui pia kama u mzima. Natumaini u mzima. Chiku ana miaka kumi, anaogelea, ana miguu mirefu kama yako.

Baba alifariki Novemba. Siku ya mazishi, watu wakiwa wanaondoka, kulikuwa na mama mmoja mzee amesimama nje ya geti, amevaa nguo nyeusi, haingii wala haondoki. Shangazi akaninong'oneza kwamba huyo ni mama yangu.

Anaishi dakika arobaini kwa treni kutoka hapa. Ameishi hapo miaka yote thelathini na moja. Nilimfuata getini na sikumsalimu. Nilimuuliza kwa nini hakuja kunitafuta. Akajibu kama mtu anayejibu karani. "Nilikuja. Mara tatu. Baba yako alisimama mlangoni."

Maisha yangu yote nimemchukia mwanamke huyu kwa kosa lililofanywa na mtu niliyekuwa nikimpikia supu. Na mlango ule ni ule ule, Barnabas. Hata kitasa hawajabadilisha.

Sasa jambo la pili. Mwezi uliopita bunge letu limebadilisha sheria. Itakapoanza kazi, mwaka kesho, maofisa wataweza kumchukua mtoto hata kama mzazi anayeishi naye hayupo, ilimradi yule anayemdai awepo. Kwenye televisheni walionyesha mkutano wa wazazi walioachwa bila watoto wao, na mama mmoja wa Kijapani akasoma ushuhuda wa fundi cherehani wa Johannesburg. Hakutaja jina. Alipofika kwenye habari ya kisanduku kitupu nilizima.

Nakuuliza waziwazi: utamfuata Chiku shuleni nikiwa kazini? Ukiamua hivyo haki unayo, ila mwandae kwanza, usimtokee. Na kama unaweza kukubali njia nyingine, likizo ya Julai nitamleta mwenyewe, wiki mbili.

Mama Chiku


Midrand
28 Juni 2019

Mama Chiku,

Mimi ni mzima. Nilihamia Midrand, ile ile nyumba ya bembea, naishi peke yangu na bembea za watoto wa watu. Pole kwa msiba. Nasema hivyo kwa adabu. Moyoni sina pole ya mzee yule, na sitajifanya ninayo. Mama yako ndiye ninayempa pole.

Ushuhuda ni wangu. Uliponikataza kukuandikia nilianza kuwaandikia wengine. Wako wengi huko kwenu, akina mama kwa akina baba, Wajapani watupu, waliosimama mbele ya milango. Walikuwa wananitumia picha za watoto wao na mimi natuma ya Chiku, ile ya zamani, sina mpya. Kila mwezi tuliwaandikia wabunge. Kilichobadilika ni kidogo. Wamefungua mlango tu. Visanduku viko vile vile, mzazi mmoja anaandikwa na mwingine anafutwa, na hatuachi mpaka hilo nalo libadilike.

Kuhusu Chiku, mlete. Siahidi kitu chochote. Umesikia? Mlete, na siahidi kitu.

Baba Chiku


Midrand
9 Agosti 2019

Mama Chiku,

Natumaini mmefika salama na masikio ya Chiku yamezibuka, aliyalalamikia sana uwanja wa ndege. Au nilielewa vibaya. Kila nilichoelewa wiki mbili zile nilikielewa kwa mdomo wako.

Hilo ndilo la kwanza nataka ulijue. Nilijiandaa kwa mambo mengi, sikujiandaa kwa hilo. Alitoka pale uwanja wa ndege amebeba mkoba wake, akaniinamia kama mteja. Nikamwambia, "Mwanangu, umekua." Akakugeukia wewe. Kiswahili chote kimekwenda. Mtoto aliyenifukuza kwa Kiswahili safi hakubaki nacho hata cha kuniombea maji. Mtu ninayemkasirikia kuliko binadamu yeyote aliye hai ndiye aliyekuwa anabeba maneno kati yangu na mwanangu, na ilinibidi nikushukuru kila baada ya sentensi.

La pili hulijui. Karatasi zilikuwa tayari. Lerato alizitayarisha siku niliyomwonyesha barua yako. Alisema mkitua tu, asubuhi hiyo hiyo anakwenda kwa jaji na ile hukumu yenu ya 2016, na Chiku haondoki nchi hii. Nilishatia sahihi, safari hii nikijua kilichoandikwa. Alikuwa anangoja nimpigie. Siku nne mfululizo, wewe ukiwa jikoni unamkaangia mayai, nilikuwa nje nimeshika simu. Nilikuwa najiambia, wewe ulinipa wiki mbili, nami ninakupa wiki mbili.

Kisha siku ya tano tukaenda Marshalltown. Alikuwa anapapasa majoho yaliyotundikwa, akauliza kitu, na wewe hukunifasiria. Nikakwambia fasiri. Ukasema, "Anauliza kwa nini ulitia sahihi kumwacha."

Nilikuwa na mkasi mkononi. Niliuweka mezani taratibu. Nikasema, "Mwambie. Yote, kama ilivyokuwa."

Ulikaa kwenye kigoda ukaongea naye muda mrefu. Sikuelewa neno hata moja, niliusoma uso wake. Alikuuliza swali moja fupi, ukajibu kwa neno moja. Akaenda dirishani akatupa mgongo sote wawili. Kule chini magari yalisimama na kuondoka, yakasimama na kuondoka. Aliporudi alishika mkono wa shati langu, si mkono wangu, kitambaa tu, na hakukiachia mpaka nilipofunga. Wewe hakukutazama njia nzima ya kurudi.

Nilingoja kusikia furaha. Miaka minne nimeiota siku ambayo atajua. Nilichokiona kwenye gari ni mtoto ambaye amebakiwa na mzazi mmoja kwa mara nyingine, na safari hii huyo mmoja nilikuwa mimi. Kioo cha gari kilinionyesha uso wako, na uso ule niliufahamu. Ni wangu, wa kwenye theluji.

Kesho yake nilimpigia Lerato nikamwambia asipeleke kitu. Alikasirika. "Bra Barnabas, kaka yangu, nafasi hii hairudi tena." Nikamwambia najua.

Usisome hapa msamaha. Sijakusamehe. Naamka na hasira, nashona nayo, wateja wananiambia mishono yangu siku hizi inakaza mno. Nakwambia haya ili ujue mlikuwa mkononi mwangu, nikaufungua mkono, na ulikuwa mzito kuufungua.

Nataka Julai kila mwaka, na mwisho wa mwaka. Nataka iandikwe mahakamani huko kwenu, si kwenye barua. Na kila Jumapili nisikie sauti yake, hata kama tutakaa tunahesabu moja mpaka kumi.

Baba Chiku


Japani
27 Agosti 2019

Baba Chiku,

Masikio yamezibuka. Shule inafunguliwa wiki ijayo. Wiki ya kwanza baada ya kurudi hakusema nami kabisa, alikuwa akila na kuinuka. Sasa ananipa maneno mawili matatu. Jana aliniuliza neno lile alilojibiwa Marshalltown kwa Kiswahili linasemwaje. Aliniuliza pale, "Ulijua?" na nilimjibu, "Nilijua." Nimemwandikia kwenye daftari.

Nimekwenda mahakama ya familia. Nimeomba waandike Julai na mwisho wa mwaka. Karani alishangaa. Aliniambia mamlaka yote ni yangu, hakuna anayenishtaki, kwa nini najifunga mwenyewe. Nilimwomba aandike tu. Mzazi mbele ya sheria bado ni mimi peke yangu, hilo yeye hana uwezo wa kulibadilisha wala mimi sina, kwa hiyo nilipotoka nilikwenda kwenye ofisi ya wale wazazi wenzako nikaweka jina langu kwenye orodha yao. Mama aliyesoma ushuhuda wako alinitambua kwa jina la mtoto. Hakunipa kiti. Nilijaza nikiwa nimesimama.

Kuhusu karatasi za Lerato. Nilijua.

Sikuziona, lakini nilijua. Wakili wangu alinionya mara mbili nisije. Alisema wewe una hukumu, una jaji mlangoni, na mimi nikimpeleka mtoto mwenyewe hakuna atakayenisaidia. Nilimwambia nimeelewa. Mama yangu ndiye aliyetusindikiza uwanja wa ndege, na nilimwambia na yeye kwamba huenda nikarudi peke yangu. Akanishika bega akasema nenda.

Nilikata tiketi mbili za kuja huko na moja tu ya kurudi. Ya kurudi ilikuwa na jina langu.

Siku ya tisa, tukiwa mezani, ulimwambia Chiku kwamba Desemba kuna joto na utamfundisha kuendesha cherehani. Ukasema, "Ukirudi." Nilipaswa kumfasiria na sauti ikanikatika, mkadhani nimepaliwa na chai. Ulimletea maji mtu uliyekuwa unamchukia.

Tiketi ya Chiku ya kurudi niliikata jioni ile.

Mama Chiku